Mwalimu wa Kusukuma Tangi

Ukimwona mara ya kwanza hungedhani ni mtu wa mazoezi. Alikuwa na kitambi kilichomtangulia mlangoni, kiatu kimoja daima hakijafungwa kamba, na mfukoni mwa koti lake la kazi hamkukosa mandazi yaliyofungwa kwa gazeti. Jumapili alipanda bodaboda kwenda kanisani, na kanisa lenyewe ungeliona ukisimama mlangoni kwake. Tulipomuuliza sababu alisema Jumapili hata Mungu alipumzika, na yeye ni nani amshinde Mungu. Lakini siku za kazi, saa nne asubuhi ikifika, mtu huyohuyo alituinua kwenye viti vyetu pale karakana ya kukata mawe, Voi, akatupandisha mlima juani kama wafungwa.

Tulimwita Mwalimu. Sijui kama aliwahi kusimama mbele ya darasa hata siku moja. Alichofundisha ni mikono, na alifundisha kwa kukaa kimya nyuma ya bega lako mpaka ukosee, halafu anaguna. Mguno wake ulikuwa na aina nyingi, na baada ya mwaka mmoja nilizijua zote.

Kazi yetu ni hivi. Wachimbaji wanaleta mawe kutoka Kasigau, Kuranze na kwingineko, ya kijani, mekundu, ya manjano, machafu kama kokoto za barabarani. Unayeyusha nta, unalibandika jiwe kwenye kijiti, kisha unaliegemeza kwenye gurudumu linalozunguka kwa stima huku maji yakidondoka. Unakata uso mmoja, unageuza, unakata mwingine, mpaka mwanga ukiingia ndani utoke unacheka. Jiwe lenyewe mara nyingi ni dogo kuliko punje ya mahindi. Kwa hiyo unakunja shingo, unasogeza jicho, unashika pumzi, na baada ya muda unasahau kwamba una miguu.

Mimi nilitoka Marungu, nyumba ya mbuzi na mahindi, na kazi hii niliipenda tangu siku ya kwanza. Mwaka wa pili ikaanza kunikataa. Shingo ilikauka, vidole vilikufa ganzi, na ikifika mchana macho yaliniletea nyuso mbili mahali penye mmoja. Mawe yangu ya asubuhi yalikuwa mazuri. Ya mchana yalivunjika pembe, au nyuso zake zilipishana bila kukutana. Bosi wetu, mama wa Mombasa mwenye maneno ya taratibu, aliniita kando. "Mwanangu, mkono wako wa asubuhi naupenda sana. Huu wa mchana siuwezi. Ukiniharibia jingine moja, itabidi nikurejeshe kwenu." Hakusema kwa hasira, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha. Nilijua nikirudi Marungu sitashika jiwe tena.

Basi nikafanya anachofanya kila mtu anayeogopa kufukuzwa. Nikakaa zaidi. Wenzangu walipotoka kutembea na Mwalimu nilibaki, nikijidanganya kwamba ninapunguza kazi. Nilikuwa nimeinama hivyo siku moja gurudumu lilipopunguza mbio, likasimama. Nikainua kichwa. Mwalimu alikuwa mlangoni, mkono kwenye swichi kubwa.

"Stima imepotea," akasema.

"Mwalimu, si wewe umezima?"

"Mimi ndiyo nimeipoteza. Itarudi tukirudi. Wakesho, mara ya mwisho umeangalia kitu cha mbali ni lini?"

Nilikuwa ninaamka gizani, ninaangalia simu, ninaangalia jiwe, ninaangalia simu, ninalala. Nilimfuata nje nikiwa nimenuna, na kwa kweli nilinuna kwa siku nyingi baada ya hapo.

Njia yetu haikubadilika. Tulitokea mlango wa nyuma, tukavuka reli ya zamani, tukapita kwa mama anayekaanga viazi karai, kisha tukapanda mteremko wa Mwakingali mpaka penye tangi la maji la saruji. Hatukukimbia. "Anayekimbia ana shida zake," alisema, "sisi tuna kazi yetu." Wala hakukubali tujikokote. Alitaka mwendo wa mzazi anayekwenda kuchukua mtoto shule na amechelewa kidogo tu. Mikono ibembee, vidole viwe wazi. Yeye alikuwa nyuma yetu sote, kama mchunga ng'ombe, na kutoka huko nyuma alitujua kwa hatua. "Mwadime, unapiga visigino. Wakesho, inua mguu wa kushoto, unaburuta." Simu zilikuwa marufuku. Ya kwake ililia kila siku, mlio wa kwaya, na aliipokea akaongea nayo mpaka juu. Tulipolalamika alituambia kwamba yeye ni mzee na wazee hupigiwa.

Kwenye tangi tuliweka viganja ukutani, tukapeleka miguu nyuma, tukasukuma. Polepole, mpaka mabega yashuke kutoka masikioni. Halafu tuligeuza shingo huku na huku, tukakunja magoti, tukakunjua. Mwisho tuliegemea tangi lenyewe kwa mgongo na kutazama mbali: vilima vya Sagala upande mmoja, na huko chini tambarare inayokwenda mpaka unachoka kuifuata. "Chagua kitu kimoja," alisema. "Kaa nacho." Siku nyingine kilikuwa mbuyu, siku nyingine vumbi la ndovu, siku nyingine paa la nyumba ya mtu ambaye hatutamjua kamwe. Nilikuwa ninasikia macho yangu yakifunguka ndani kwa ndani, hivyo hivyo nilivyosikia vidole vikirudiwa na damu.

Watu wa mtaa walitucheka, na sikuwalaumu. Watu wazima, wenye makoti ya kazi yaliyojaa unga wa mawe, wanasukuma tangi la maji mchana kweupe. Mama wa viazi karai alituuliza kila siku tukishuka, bila kuinua macho kwenye karai lake, "Limesonga?" Mwalimu alimjibu kila siku, "Kidogo." Sikumbuki siku hata moja ambayo mmoja wao alicheka. Nilidhani wamegombana, mpaka nikajua kwamba viazi vya Mwalimu viliwekwa kando kabla hatujafika.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mpaka leo sijaliona kwingine. Tukirudi kutoka mlimani, hakuna aliyeruhusiwa kugusa jiwe lake. Unakaa kwenye kiti cha jirani, unachukua kijiti chake, unatazama jiwe lake kwa lenzi, unasema unachokiona. Yeye anatazama lako. Ndipo kila mtu anarudi kwake. Mwalimu aliita jambo hilo "kwanza la jirani". Nilimuuliza faida yake akaniambia, "La kwako umeshalipenda. Mtu akipenda haoni vizuri. Na macho yako sasa hivi yametoka mbali, ni mapya. Usiyatumie yote nyumbani kwako." Jirani yangu wa kushoto alikuwa Mwadime, kijana wa Wundanyi, mpole, mwenye jicho kali na maneno machache. Mwanzoni alilishika jiwe langu kwa adabu na kusema liko sawa. Mwalimu aliguna. Mwadime akajifunza kusema ukweli, na mimi nikajifunza kuusikia bila kununa.

Mawe yangu ya mchana yalianza kupona. Bosi aliona, lakini bado hakuupenda mwendo wenyewe. Kwake, viti vitupu ni viti vitupu. Alikuwa akisimama dirishani tukitoka, mikono kifuani, na nilijua ananihesabia.

Ikaja siku ya jiwe la mzee wa Kasigau. Alikuwa mchimbaji wa miaka mingi, mtu mkavu, mnyamavu, na asubuhi hiyo alifungua leso akatoa jiwe la kijani ambalo lilituinua sote vitini. Mnunuzi alikuwa njiani kutoka Nairobi na angerudi na treni ya jioni. Lilitakiwa liwe tayari siku hiyohiyo. Bosi alimnyooshea Mwalimu jiwe. Mwalimu akatikisa kichwa, akanionyesha mimi kwa kidevu.

"Huyu?" Bosi akauliza.

"Huyu."

Bosi alinitazama, na macho yake yalinikumbusha maneno aliyoniambia kando. Hili ndilo lingekuwa lile jingine moja.

Nilikata tangu alipolileta. Umbo likatoka vizuri, pande zikakaa, nikawa karibu kuanza uso unaofuata kwenye pembe, wakati saa nne ilipofika na Mwalimu akajifuta mikono. Bosi alikuwa amejiandaa. Alisimama mbele ya swichi.

"Leo hapana, Mwalimu. Leo hatoki mtu. Mgeni yuaja."

"Mama, nakuheshimu sana," Mwalimu akasema. "Lakini huyu msichana amekunja shingo tangu asubuhi. Ukitaka haraka, abaki. Ukitaka jiwe, mwache akatembee."

"Na likiharibika?"

"Likiharibika, tutaondoka sote wawili, mimi na yeye. Wakesho, weka chini."

Kijiti kilikuwa mkononi mwangu na mkono haukutaka kukiachilia. Nilimtazama mwenye jiwe. Alikuwa ameketi kwenye benchi, kofia magotini, na yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kukataa kuliko sisi sote. Akakohoa kidogo. "Nenda tu, mama," akaniambia. "Hata mimi nikichimba, nanyoosha mgongo kwanza. Hilo limekaa chini ya ardhi siku zote hizo. Litakungoja."

Nikaliweka chini. Nilipanda mteremko ule kwa hasira ambayo siwezi kuieleza. Nilitaka kukimbia, na Mwalimu kwa makusudi alitembea polepole kuliko siku zote. Kwenye tangi nilisukuma kama mtu anayetaka kweli lianguke upande wa pili. Nikasukuma mpaka kitu fulani kwenye shingo kikaachia, na machozi yakanitoka bila mimi kuyaita. Mwalimu alinipa nusu ya andazi lake, lililokuwa na unga wa mawe, nikalila.

Tuliporudi Bosi alikuwa bado amesimama palepale. Mwadime alikaa kwenye kiti changu, akachukua kijiti, akalipeleka jiwe kwenye taa. Alikaa nalo muda mrefu kuliko kawaida.

"Wakesho," akasema, "hapa kuna ufa."

Ulikuwa mwembamba kama unywele wa mtoto. Ulianzia ubavuni na kuelekea pembe ileile niliyokuwa karibu kuigusa. Nilikuwa nimelitazama jiwe hilo tangu asubuhi na sikuuona, kwa sababu macho yangu yalikuwa yameshaamua kwamba liko safi. Kama ningelisukuma kwenye gurudumu pale, lingepasuka. Mwalimu alikuja, akatazama, akaguna mguno ambao sikuwa nimewahi kuusikia. Nikayeyusha nta, nikaligeuza jiwe kidogo, nikaanza upya upande ambao ufa wenyewe ungesagika ukawa unga. Lilipungua ukubwa kidogo. Mnunuzi alifika nikiwa bado ninaling'arisha, akanyweshwa chai, akatazama saa, akanyweshwa nyingine. Nilipompa hatimaye alitoka nalo mlangoni, akaligeuza juani. Halafu akamgeukia mzee wa Kasigau akamuuliza kama analo lingine.

Kesho yake saa nne Bosi alitokea na mwavuli, viatu vya raba chini ya buibui. "Haya," akasema, "nionesheni hilo tangi lenu." Tangu siku hiyo alitangulia mbele, akilalamika juu ya vumbi mpaka kileleni, na hakukosa. Na mimi sikurudishwa Marungu. Kila ninachokula leo, na nyumba ninayolala, vimetokana na asubuhi ile, na ninamshukuru Mwalimu kwa moyo wote kwamba alinizimia stima.

Nisimfanye malaika. Alikuwa mbishi. Ukimwambia jambo jema kwa wakati usiofaa alilikataa ili tu asikubaliane nawe. Vijana wa kuinua vyuma aliwadharau bila sababu yoyote. Na kuna jambo moja ambalo bado linanikasirisha nikilikumbuka. Mtu aliyetunza macho yetu hakuyatunza ya kwake. Tuliona anaanza kubeba mawe mpaka mlangoni ili ayatazame. Akasema ni vumbi. Tukaona anakosa ngazi ya mwisho. Akasema ni ngazi. Bosi mwenyewe alimpeleka hospitali kwa nguvu, na huko wakasema ni presha ya macho, na kilichokwisha kwenda hakirudi. Aliacha kazi bila sherehe. Alitundika koti lake, mandazi bado yakiwa mfukoni, akamwambia Mwadime achukue kiti chake.

Mwaka huu, kiangazi, nilikwenda kumwona. Siku hizi nina karakana yangu ndogo, na wasichana wawili ninaowafundisha. Mzee wa Kasigau huleta mawe yake kwangu tangu siku ile, hataki kwingine, na safari hii alikuwa ameleta jiwe refu lenye wingu ndani yake. Nilikuwa nimekaa nalo siku kadhaa bila kujua pa kuanzia. Kazi zilikuwa nyingi na, kusema kweli, mlimani nilikuwa nimewatuma wasichana peke yao wiki nzima. Mwisho nililifunga jiwe kwenye leso, likiwa kwenye kijiti chake, nikatoka kutafuta boda. Nilipompungia mwenye boda mkono nikakumbuka ninakwenda kwa nani, nikashusha mkono. Nikaenda kwa miguu, nikazunguka kwa mama wa viazi, nikavuka reli.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya nyumba yake. Kitambi kimekwisha. Nilisikitika kukikosa kuliko nilivyotarajia. Kwenye ukuta mweupe nyuma yake palikuwa na madoa mawili ya kahawia, ya ukubwa wa viganja.

"Wakesho," akasema kabla sijabisha hodi. "Bado unaburuta mguu wa kushoto."

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hii ni saa ya kazi. Umekuja na nini?"

Nikampa kijiti. Alilizungusha jiwe kati ya vidole, akainusa nta, akaliinua juani kwa mazoea tu, akalishusha.

"Sioni kitu, mama."

"Najua, Mwalimu."

"Unajua, na bado umeleta." Akageuza kijiti. "Umekuja na boda?"

"Kwa miguu."

"Njiani umeangalia nini?"

"Sagala. Kuna mtu anachoma majani huko juu, moshi umesimama wima."

Akaitikia kwa kichwa, akiridhika. Kisha akakumbatia kijiti kile kifuani kwa mikono miwili. "Basi sikiliza. Hili jiwe sasa ni langu. Nimekaa nalo siku nyingi, limenishinda. Wewe ndiye jirani. Hebu nitazamie."

Akaninyooshea. Nilikaa chini kando ya kigoda chake, nikatoa lenzi, nikalitazama jiwe la Mwalimu. Sikuwa na mapenzi nalo wala woga nalo. Na nikaona. Siku zote nilikuwa nimeling'ang'ania lisimame wima, kwa sababu ya urefu wake, nikitafuta namna ya kulificha wingu chini.

"Mwalimu," nikasema, "wewe umetaka kulisimamisha. Lilaze. Ukililaza, wingu linabaki mwishoni, unalikata unalitupa."

"Kweli?"

"Kweli. Litabaki safi kabisa."

Alicheka, kicheko cha polepole kilichotoka mbali. "Asante, jirani," akasema.

Nilitaka kumwambia kwamba asante ni yangu, nayo ni ya miaka yote, nikaanza kwa maneno niliyoyatayarisha njiani. Hakuningoja nimalize. Akashika bega langu, akainuka, akageukia ukuta wa nyumba. "Njoo kwanza," akasema, "halafu urudi kazini." Akaweka viganja kwenye madoa yale mawili bila kuyapapasa, akapeleka miguu nyuma. Nikasimama kando yake, nikaweka vyangu. Tukasukuma, polepole, mpaka mabega yakashuka.

"Imesonga?" nikamuuliza.

"Kidogo," akasema.